Kuvu Iuayo Mwembe: Chakula Chake, Pumzi Yake, na Mbawakawa Aichukuaye

Mwembe ukinyauka ghafula watu hawakosi maneno. Mmoja husema umezeeka, mwingine husema mizizi imefika mwambani, na wako wamtafutao jirani mwenye kijicho. Lakini katika nchi ya Musoma, Bunda na Butiama mwembe si mali ya kuachiwa maneno matupu. Mtama ukiharibika msimu huu, mtu hupanda tena mwakani. Muhogo nao hungojwa mwaka mmoja au miwili. Bali mche wa mwembe uliotoka katika kokwa hukaa miaka sita, na pengine minane, kabla ya kuzaa vizuri, na mti uliokwisha kukomaa huweza kuwalisha wajukuu wa yule aliyeupanda. Kivulini mwake wazee hufanya mashauri, mifugo hujikinga na jua la adhuhuri, na embe zake huleta fedha nyumbani katika miezi ambayo akiba ya nafaka imeanza kupungua. Mti wa namna hii ukifa, hasara yake hailipwi kwa mavuno ya msimu mmoja.

Karatasi hii yaeleza habari za adui mmoja wa mwembe, naye ni kuvu ichukuliwayo na mbawakawa mdogo. Hatusemi ya kuwa adui huyu amekwisha kufika Mara. Twasema ya kuwa ameua miembe mingi katika nchi nyingine, tena husafiri kwa njia zilezile watumiazo watu kusafirisha miche, kuni na mapanga. Huenda msomaji akauliza: yanini basi kumweleza mkulima jinsi kuvu ilavyo na jinsi ivutavyo hewa, badala ya kumpa amri chache tu za kufuata? Jibu letu ni hili: amri isiyo na sababu husahauliwa mara mvua zinapoanza na kazi kuwa nyingi. Lakini mtu ajuaye adui yake hula nini, na hushindwa kula nini, ataona mwenyewe mahali pa kumkatia riziki.

Habari za Oman

Mwaka 1998 wakulima wa Barka, katika mkoa wa Batinah wa nchi ya Oman, waliona miembe yao ikifa kwa namna wasiyoizoea. Oman si nchi ngeni masikioni mwetu. Watu wengi wa huko wana jamaa Unguja, Pemba na bara, na Kiswahili husikika katika nyumba nyingi. Tawi moja lilinyauka, majani yakakauka hali yangali yakining'inia mtini, gundi ya rangi ya asali ikatoka katika gome, na baada ya muda wa miezi mti mzima ukafa. Ugonjwa ukaenea katika Batinah na sehemu nyingine za kaskazini. Watu wa Brazil walikwisha kuuona ugonjwa wa jinsi hiyo tangu miaka ya 1930, katika pande za Recife, na Pakistan nayo iliupata katika miaka ya 1990.

Mwaka 2007 wataalamu waliipa kuvu ya Oman na Pakistan jina la Ceratocystis manginecans, maana yake iuayo mwembe. Tangu hapo wako wataalamu wengine wasemao ya kuwa hiyo si kuvu ya peke yake, bali ni ukoo mmoja tu wa Ceratocystis fimbriata, kuvu ambayo ilijulikana tangu mwaka 1890 katika viazi vitamu vya Marekani vilivyooza na kuwa vyeusi na vichungu. Mkulima hana haja ya kuingia katika ubishi huo. Yatosha kujua ya kuwa kuvu hizi ni ndugu, na kila ukoo una mmea wake uupendao: ile ya viazi haiui miembe, na ile ya miembe si ugonjwa wa viazi. Ndugu mwingine yuko hapa hapa Afrika. Huyo hushambulia miwati, na kufikia mwaka 2005 alikuwa amekwisha kutambuliwa Uganda, Kenya na Tanzania.

Kuvu ni kitu gani

Wanawake watengenezao udaga wa muhogo wamekwisha kuijua kazi ya kuvu, hata kama hawajapata kuisoma kitabuni. Muhogo humenywa, huachwa unyauke kidogo, kisha hurundikwa na kufunikwa uvunde kwa siku kadhaa. Ukifunuliwa umeota manyoya ya ukungu, na vipande vilivyokuwa vigumu kama kuni vimelainika hata vyavunjika kwa vidole. Ni nani aliyevilainisha? Ukungu hauna mdomo, hauna meno, wala hauna tumbo. Mwili wake ni nyuzi nyembamba sana zisizoonekana moja moja kwa macho. Nyuzi hizo hutoa nje maji yenye vimeng'enya, na vimeng'enya hukata chakula kigumu kuwa chakula laini, kisha nyuzi hukinyonya kama mzizi unyonyavyo maji. Sisi hutia chakula tumboni ndipo tukimeng'enye. Kuvu hukimeng'enya nje ndipo ikitie mwilini.

Jambo la pili la udaga ni joto. Tia mkono katikati ya rundo siku ya tatu, utaona lina joto kuliko hewa ya nje, ingawa hakuna aliyewasha moto. Joto hilo hutoka kwa ukungu na vijidudu vingine vilivyomo, ambavyo huchukua sukari ya muhogo na kuiunguza polepole ndani ya miili yao kwa msaada wa hewa ya oksijeni, vipate nguvu za kuota na kuzaa. Mwili wa mwanadamu hufanya kazi iyo hiyo, na ndiyo sababu una joto. Kazi hii yote ya kuchukua chakula, kukikata, kukiunguza, na kukigeuza kuwa mwili mpya na taka, wataalamu huiita umetaboli. Jani la mwembe hujitengenezea sukari kwa nuru ya jua. Kuvu haiwezi, haina rangi ya majani, nayo hula kilichotengenezwa na mwingine.

Chakula chake

Sasa twende ndani ya mwembe. Majani hutengeneza sukari, na sukari hushuka kwa njia ya ganda la ndani, lile laini lililo chini ya gome gumu. Nyingine hutumika kwa kukuza matawi na matunda. Nyingine huwekwa akiba kuwa wanga, ndani ya chembe hai zilizopangwa kama mistari katika ule mti mweupe wa shina. Hiyo ndiyo ghala ya mwembe. Mti hutoa katika ghala hiyo wakati wa kuchanua maua na wakati wa kiangazi, kama watu watoavyo mtama katika vihenge vyao.

Kuvu ya Ceratocystis hupenda ghala hiyo. Hula sukari, wanga, na vitu vilivyomo ndani ya chembe hai. Lakini ubao wenyewe, yaani zile kuta ngumu zinazofanya mti kuwa mti, hauwezi sana. Hapa yatupasa kuangalia vizuri, maana watu wengi hudanganyika. Kuvu zinazoozesha magogo msituni hula ubao wenyewe, hata gogo likawa jepesi na laini kama sifongo. Kuvu hii haifanyi hivyo. Mti uliouawa nayo hubaki mgumu na mzito, nawe ukiugonga kwa shoka walia kama mti mzima. Basi mwenye mti husema, "Angalau nimepata kuni nzuri," akazipakia kwenye mkokoteni na kuziuza kijiji cha pili. Kumbe ndani ya kuni hizo kuvu ingali hai.

Udhaifu wake watoka hapo hapo. Kwa kuwa haiwezi ubao mtupu, hapana budi ipate mti ulio hai au uliokufa karibuni, wenye unyevu na sukari. Mti uliokauka kabisa, ghala yake imekwisha, hauipi riziki mpya. Hukaa humo ikingoja tu, katika mbegu zake zenye ganda nene. Kungoja huko huweza kuwa kwa miezi mingi, tena hata udongoni.

Tena kuvu hii ina upungufu mmoja wa ajabu. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, Barnett na Lilly, walieleza ya kuwa ile kuvu ya viazi haiwezi kuota vema wala kuzaa isipopewa thiamini, yaani vitamini B1. Ni vitamini ile ile iliyomo katika pumba za nafaka, ambayo watu huikosa wakila unga uliokobolewa sana. Mmea hujitengenezea thiamini. Kuvu haiwezi, lazima iikute katika chakula chake. Basi si sukari tu iibwayo na kuvu katika chembe hai za mti.

Wataalamu hupima ugonjwa kwa kuufuata ulafi huu. Mwaka 1968 Moller na DeVay wa California walieleza namna ya kutumia karoti. Vipande vyembamba vya mti unaoshukiwa hubanwa kati ya visahani viwili vya karoti mbichi na kuwekwa mahali penye unyevu. Kuvu ikiwamo, baada ya wiki moja au mbili huota juu ya karoti vichupa vidogo vyeusi vyenye shingo ndefu, na kila shingo ina tone linalong'aa kwenye ncha yake. Njia hii haihitaji mitambo ya fedha nyingi, nasi twaona yafaa ijulikane hata kwa walimu wa shule zilizo na bustani.

Pumzi yake na harufu yake

Kila mtu aliyekaribia mtungi wa pombe ya mtama ajua ya kuwa sukari yaweza kuliwa kwa njia mbili. Hewa ikiwa tele, chachu huiunguza sukari hata mwisho, ikabaki maji na hewa ya kaboni tu. Hewa ikiwa haba, au sukari ikizidi, kazi huachwa nusu, na kitu kibakicho ni kileo. Nguvu ipatikanayo kwa njia ya pili ni kidogo, lakini huiwezesha chachu kuishi mahali pasipo hewa ya kutosha.

Ndani ya shina la mwembe, chini ya gome lenye unyevu, hewa si tele. Kuvu hukaa humo katikati ya sukari nyingi, nayo hutoa kileo na vitu vingine vyepesi vinavyoruka hewani. Kileo hicho huunganishwa na asidi, vikawa esta, navyo ndivyo vyenye harufu ya matunda. Ndiyo sababu kuvu za jamii hii, zikioteshwa katika sahani, hunukia kama ndizi zilizoiva sana. Si mfano tu wa maneno; esta mojawapo itolewayo ni ile ile iipayo ndizi harufu yake. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipata hata kuiotesha Ceratocystis fimbriata juu ya makapi ya muhogo, ili wavune harufu hiyo kwa matumizi ya viwanda. Kwa hiyo adui wa mkulima aliwekwa katika muhogo kama watu wetu waweka udaga, akafanya kazi ya manukato!

Kwa kuvu yenyewe harufu hiyo ina faida. Kuvu haina miguu wala mabawa, na mbegu zake ziko chini ya gome, mahali pasipofikwa na upepo. Tena zimo katika matone yanayonata, yale tuliyoyataja kwenye shingo za vichupa. Hazipeperuki kama vumbi la kutu ya majani. Zamngoja mpitaji ambaye zitamnata, na wadudu wengi wanaoishi katika miti hufuata harufu ya kileo na ya matunda yaliyochachuka. Mti uliojeruhiwa au uliodhoofishwa na ukame nao hutoa kileo chake wenyewe kidogo kidogo, na mbawakawa huijua harufu hiyo kama fisi ajuavyo mzoga.

Mbawakawa

Mdudu aliyeshikwa katika miembe ya Oman aliandikwa kwa jina la Hypocryphalus mangiferae. Ni mbawakawa wa rangi ya kahawia, mdogo sana, ukubwa wake si zaidi ya punje ya ulezi. Hutoboa gome, hutaga mayai, na mabuu wake hula ganda la ndani. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalithibitisha ya kuwa mbawakawa hawa waliotoka katika miti migonjwa huweza kuitia kuvu katika miche mizima. Alama yao ni vitundu kama vilivyotobolewa kwa sindano, na unga mwembamba wa kahawia unaodondoka chini ya vitundu hivyo. Unga huo usiudharau. Ndani yake mna mbegu za kuvu zenye ganda nene, nazo huchukuliwa na upepo, maji ya mvua, na nyayo.

Isidhaniwe ya kuwa mbawakawa huyu ni mkulima wa kuvu. Wako wadudu wakulima kweli. Mchwa wa kichuguu hulima bustani ya kuvu ndani ya nyumba yao, na uyoga tuuchumao wakati wa mvua hutoka humo. Uganda nako, tangu mwaka 1993, wameonekana mbawakawa weusi watoboao vijiti vya mibuni. Hao hupanda kuvu katika vishimo vyao na kuwalisha watoto wao, na kijiti hukauka. Yule wa mwembe halimi. Yeye ni mchukuzi asiyejua mzigo wake, kama mtu apitaye katika majani akatoka na mashonanguo.

Kwa nini mti hufa

Yadhaniwa kwa urahisi ya kuwa mti hufa kwa sababu umeliwa. Sivyo. Sehemu iliyoliwa ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wa mti. Kuvu ikiingia, hupita katika ile mistari ya chembe hai na kuziua, na mti hujaribu kuizuia. Hutengeneza gundi na vitu vyeusi vikali, tena hutoa vipovu vinavyovimba ndani ya mishipa ya maji hata kuiziba, kama mtu azibavyo mlango wa boma kwa miiba ili simba asiingie. Mahali pengine mti hufaulu, na kuvu hukomea hapo. Lakini kuvu ikienda mbele kuliko uzibaji, mti huendelea kuziba mshipa baada ya mshipa, na maji hayapandi tena. Majani hufa kwa kiu hali udongo una maji. Ndiyo maana kumwagilia mwembe ulionyauka kwa ugonjwa huu hakuufai kitu, na ndiyo maana ugonjwa hujitokeza kwanza kwa tawi moja, lile ambalo mishipa yake imezibwa, huku matawi mengine yakiwa ya kijani kibichi.

Kuvu hii hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 30 hivi, joto ambalo mtu wa Musoma hulijua mchana karibu mwaka mzima. Basi tusijidanganye ya kuwa hali ya hewa yetu itatukinga.

Kuutambua

Si kila mwembe ukaukao una ugonjwa huu. Ukame ukiwa mkali, majani hupungua katika mti mzima. Kuna kuvu nyingine, iliyoenea sana katika nchi za joto, inayokausha vijiti kuanzia ncha na kurudi nyuma polepole. Mchwa nao hula gome kavu, wakaacha udongo wao hadharani. Dalili za kushuku ni hizi zikiwa pamoja: tawi au upande mmoja kunyauka, majani makavu yasiyodondoka, gundi ya rangi ya asali kutoka katika shina, na vitundu vidogo vyenye unga. Kisha kata kipande cha gome kwa kisu mahali pale gundi itokapo. Mti mweupe ukionekana una michirizi ya kahawia au nyeusi, inayopanda na kushuka, hapo yakupasa kupeleka habari. Kisu hicho usikitie tena katika mti mwingine kabla ya kukisafisha kama tutakavyoeleza.

Yampasayo mkulima

La kwanza ni kutoufungulia adui mlango. Jeraha bichi ndilo lango lake, na majeraha mengi ya miembe yetu tumeyafanya wenyewe. Watu huchonga gome la mwembe kwa dawa; watoto hupiga panga shinani kwa mchezo; ng'ombe hufungwa kwa kamba inayochubua. Lakini jeraha lisilotazamwa kabisa ni lile la plau. Katika Bunda na Butiama watu hulima kwa ng'ombe hata karibu na shina, na ulimi wa plau hukata mizizi iliyo juu juu. Kuvu hii huingia pia kwa mizizi kutoka udongoni, bila kumngoja mbawakawa. Basi acha duara lisilolimwa kulizunguka shina, na palilia hapo kwa mkono. Pamba utakayopoteza katika duara hilo ni vishina vichache tu.

La pili ni vyombo. Panga au msumeno uliokata mti mgonjwa una utomvu wenye kuvu, na mti ufuatao hupata jeraha na ugonjwa kwa pigo moja. Kwanza futa utomvu wote, maana dawa haipiti ndani ya uchafu. Kisha pitisha chuma motoni, au ukichovye kwa dakika chache katika dawa ya kupaushia nguo, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji. Baadaye kisuuze na kukipaka mafuta kisishikwe na kutu. Mafundi wa kupogoa na kuchana mbao, wanaozunguka kijiji hadi kijiji, wangefanya vema kuwa na desturi hii kila mti, si kila siku.

La tatu latoka katika habari za chakula tulizozieleza. Mti mgonjwa uondolewe mapema, ungali na majani, wala usingojwe ukauke. Maana siku zote ungojewapo, kuvu yala ghala ya mti na mbawakawa wanazaliana. Gome na matawi yachomwe palepale, shina ling'olewe pamoja na mizizi mikubwa, nayo ichomwe. Twajua ya kuwa kuni ni adimu, na kumwambia mtu achome gogo zima shambani ni kumwambia neno gumu. Basi mwenye haja na achome mkaa hapo hapo. Mkaa uliopita motoni hauna kuvu wala mbawakawa, nao waweza kwenda sokoni bila hatari. Kuni mbichi za mti huo ndizo zisizotoka nje ya boma. Mahali pale usirudishe mwembe upesi. Panda mtama au mazao mengine ya msimu.

Dawa za kupuliza juu ya majani hazisaidii, kwa kuwa kuvu iko ndani ya ubao na mbawakawa yuko chini ya gome. Tumeona yafaa kulisema jambo hili wazi, maana mtu aliye katika hofu huuziwa chupa yoyote.

La nne ni miche. Mche mzuri wa kubebesha huweza kuwa na kuvu katika shina lake la chini, usionyeshe dalili yoyote siku ununuliwapo. Nunua kwa mtu ajulikanaye, uliza shina la kubebeshea lilitoka wapi, na mche wenye michirizi ya kahawia ukikatwa usiupokee. Jamaa akirudi kutoka ng'ambo, asilete kijiti cha mwembe cha kubebesha ndani ya mzigo wake, hata kiwe cha embe tamu namna gani. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, na mmea uingiao nchini wapaswa kuwa na kibali na cheti cha ukaguzi. Huko Brazil, Campinas, wataalamu wamefanya kazi ya miaka mingi ya kuchagua mashina ya kubebeshea yanayoustahimili ugonjwa huu. Lakini shina linaloustahimili ukoo mmoja wa kuvu laweza kushindwa na mwingine, kwa hiyo haipatikani njia ya mkato.

Ukiona dalili tulizozitaja, mpashe habari Afisa Ugani, ambaye wengi hupenda kumwita Bwana Shamba hata akiwa mwanamke. Mwenye simu ya picha apige picha ya mti mzima, ya gundi, na ya michirizi. Kisha akate vipande vitatu vya mti, urefu wa kidole, mahali pale weupe ukutanapo na weusi, kwa kuwa hapo ndipo kuvu iliyo hai hupatikana. Katika weusi mtupu mara nyingi zimekwisha kuingia kuvu nyingine zinazokula mabaki. Vipande vifungwe katika karatasi kavu, vitiwe katika mfuko uliofungwa kabisa, wala visiachwe juani. Juu ya mfuko yaandikwe jina la kijiji, tarehe, na mwaka uliopandwa mti ikiwa wajulikana, na mfuko usifunguliwe njiani.